Seli Nyeusi za Shina la Ubongo

Mazungumzo haya yalitolewa Upanga, Dar es Salaam, mbele ya wauguzi, wanafunzi na familia zinazouguza wagonjwa wa Parkinson. Yamehaririwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.

Wazee wangu, shikamooni. Wauguzi, wanafunzi, na ninyi mliotoka Mbagala, Kimara na ng'ambo ya Kigamboni kwenye foleni ya saa kumi na moja, poleni na asanteni kwa kufika.

Walionialika walitaka nizungumzie Parkinson. Nimekubali, ila kwa sharti kwamba nianzie pale ugonjwa unapoharibu. Habari za Parkinson tunazozisikia redioni huanza na mkono unaotetemeka na kuishia kwenye vidonge, na hapo katikati msikilizaji haonyeshwi kitu. Mimi ni mwalimu wa anatomia. Kazi yangu ni kukata na kuonyesha. Leo sikuja na ubongo, msiwe na wasiwasi, kwa hiyo itabidi nikate kwa maneno.

Weka kiganja kisogoni, pale fuvu linapokutana na shingo. Ndani ya hapo, mbele ya ubongo mdogo, kuna shina la ubongo. Ni fupi, sentimita 7 au 8 hivi, na limegawanyika sehemu tatu: juu kabisa ni ubongo wa kati, chini yake ponsi, na chini ya ponsi ni medula, inayoungana na uti wa mgongo. Kupumua, kumeza, mapigo ya moyo, kugeuza macho, kuamka na kusinzia, vyote vina mkono wake hapo. Pigo dogo kwenye shina la ubongo linaweza kumaliza mtu, wakati pigo kama hilo kwenye ubongo mkubwa lingemwacha anatembea.

Sasa tukate ubongo wa kati, mkato mmoja wa kukingama. Uso uliokatwa una rangi ya kijivu iliyochuja, kwa sababu fomalini, dawa ya kuhifadhia, imeshaondoa wekundu wa damu. Upande wa nyuma kuna tundu dogo linalopitisha majimaji ya ubongo. Upande wa mbele kuna miguu miwili minene, ambayo ni mafungu ya nyuzi zinazoshuka na amri za misuli. Katikati, nyuma tu ya ile miguu, kuna michirizi miwili iliyopinda, mmoja kulia na mwingine kushoto, na yote miwili ni myeusi. Haihitaji hadubini wala rangi ya maabara. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huiona akiwa amesimama hatua mbili kutoka mezani, na mara nyingi huuliza kama ni damu iliyoganda.

Si damu. Ni substansia nigra, au tuseme dutu nyeusi. Félix Vicq d'Azyr, daktari Mfaransa aliyewahi kumtibu malkia Marie Antoinette, aliieleza mwaka 1786. Miaka michache baadaye Mjerumani Samuel Thomas von Sömmerring akaiandika naye, na kwa muda mrefu vitabu viliiita kwa jina lake. Wote wawili waliona kitu cheusi, wakakichora vizuri, na hawakujua kina kazi gani. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kabla mtu hajathubutu hata kubahatisha.

Tukishuka kwenye ponsi, tukauondoa ubongo mdogo na kutazama sakafu ya uwazi wa nne, chumba cha majimaji ya ubongo kilicho nyuma ya ponsi, pembeni kule juu tunakuta madoa mawili ya buluu iliyokolea. Kila doa lina urefu wa sentimita moja na nusu hivi na upana wa milimita chache tu. Johann Christian Reil aliliona mwaka 1809, na ndugu wawili wa familia ya Wenzel wakalipa mwaka 1812 jina linalotumika mpaka leo, lokasi seruleasi. Nitaliita doa la buluu. Seli zake zenyewe ukiziweka chini ya hadubini zina chembe za kahawia na nyeusi. Ubuluu unatokana na jicho kuutazama weusi huo kupitia tishu iliyoufunika.

Chini zaidi, kwenye medula, jicho tupu haliambulii kitu, lakini hadubini inaonyesha seli nyingine zenye rangi: baadhi zimo jirani na kiini cha neva ya vagasi, ile inayokwenda kwenye moyo, tumbo na matumbo, na baadhi zimo pembeni kuelekea mbele. Kwa hiyo seli nyeusi hazikujikusanya mahali pamoja. Ni mlolongo uliokatikakatika, kutoka medula hadi ubongo wa kati, na kila fungu lina jirani zake na kazi yake. Shikeni mlolongo huo, tutaurudia tukifika kwenye wagonjwa.

Mwaka 1964 Waswidi wawili, Annica Dahlström na Kjell Fuxe, walichora ramani ya seli hizi kwenye ubongo wa panya kwa njia inayozifanya zing'ae chini ya mwanga maalumu. Walizipa herufi na namba: A9 ni substansia nigra, A10 ni jirani yake wa katikati, A6 ni doa la buluu, na kadhalika kuanzia A1 kule chini. Panya wa maabara hana weusi huu, ndiyo maana iliwabidi watafute mwanga wa kuwasaidia. Binadamu anao tangu zamani. Watafiti walipokuja kulinganisha, mwaka 1982, walikuta kwamba seli nyeusi za binadamu kwa sehemu kubwa zinalala palepale penye mafungu ya ramani ya panya. Sisi ubongo wetu ulikuja umeshapakwa rangi, na kwa mwalimu wa anatomia hiyo ni neema.

Weusi wenyewe ni nini? Unaitwa neuromelanini. Seli za substansia nigra hutengeneza dopamini, kemikali ya kupelekeana ujumbe kati ya seli. Zile za doa la buluu hupitia njia hiyohiyo zikasogea hatua moja mbele, zikapata noradrenalini. Malighafi ni tairosini, kipande cha protini mnachokipata kwenye maharage na samaki kila siku. Tairosini inageuzwa kuwa levodopa, levodopa inageuzwa kuwa dopamini, kisha dopamini inasukumwa ndani ya vifuko vidogo ikingoja kutumwa. Lakini si yote inayowahi kuingia kwenye vifuko. Inayobaki nje inaungua kwa oksijeni, inageuka, inashikana na madini ya chuma, mafuta na mabaki ya protini, na inafungiwa ndani ya chembe ambazo seli haina mlango wa kuzitoa. Angalieni sufuria la mama lishe anayepikia mkaa na kuni kwa miaka. Masizi yale hakuna aliyeyaweka kwa makusudi. Yamekuja na kazi, na kadiri sufuria linavyopikiwa ndivyo yanavyoongezeka. Tofauti ni kwamba sufuria linasuguliwa kwa mchanga, na seli ya neva haisuguliki wala haizaliwi upya.

Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2000 kwenye seli zilizofugwa maabara. Zilipopewa levodopa kwa wingi, ziliota chembe nyeusi. Zilipoongezewa pampu inayojaza vifuko, weusi haukutokea. Kwa hiyo rangi inatokana na ile dopamini ya ziada iliyokosa nafasi. Ndiyo maana ubongo wa kati wa mtoto mchanga ukiukata hauoni mchirizi wowote. Rangi ya substansia nigra huanza kuonekana katika miaka ya mwanzo ya utoto na kuongezeka taratibu hadi uzeeni. Wengi hushtuka wakisikia kwamba kijana wa miaka 20 ana weusi kidogo kuliko babu yake, maana wamezoea kufikiri kwamba rangi ya mwili mtu anazaliwa nayo.

Hapo ndipo ninapoulizwa swali ambalo kila mwaka darasani lazima litokee, na ninalipenda: je, sisi weusi tunayo zaidi? Hapana. Kukolea kwa ngozi hakukupi wala hakukunyimi weusi wa shina la ubongo. Mzungu wa Norway anao mchirizi uleule alio nao mvuvi wa Kunduchi. Melanini ya ngozi inatengenezwa na seli za aina nyingine kabisa, kwa kimeng'enya na vifuko ambavyo seli za substansia nigra hazivitegemei. Ushahidi mzuri zaidi tunao hapa nyumbani. Tanzania ina watu wengi wenye ualbino kuliko nchi nyingi duniani. Vinasaba vyao vimehitilafiana kwenye melanini ya ngozi, nywele na macho, na ubongo wao wa kati una mchirizi mweusi kama wa mtu mwingine yeyote. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nchi hii imewahi kuona binadamu wakiwindwa kwa imani kwamba wameumbwa kwa kitu tofauti. Mimi nimejifunza anatomia. Sikukiona hicho kitu tofauti.

Turudi kwenye madini ya chuma, maana hapo pana biashara. Neuromelanini inashika chuma kwa nguvu, na kwa hesabu hiyo inaisaidia seli, kwa sababu chuma kinachozurura ndani ya seli kinaunguza. Lakini seli ikifa ikapasuka, chembe nyeusi zinamwagika nje, na seli za ulinzi za ubongo zinakuja kuzila na kuwasha moto wa uvimbe pale jirani. Kwa hiyo rangi hii inalinda ikiwa ndani na kuchokoza ikiwa nje. Watu wakafikiri: basi tukikiondoa chuma tutaokoa seli. Ikajaribiwa dawa inayochota chuma mwilini, deferiproni, kwa wagonjwa wapya ambao hawajaanza levodopa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Waliopewa dawa walizidiwa kuliko waliopewa kidonge kisicho na kitu. Inaelekea seli hizi zinakihitaji chuma hichohicho kutengenezea dopamini. Sasa ukikutana na mtu Kariakoo au kwenye simu yako anakuuzia chai ya kusafisha madini kwenye ubongo, mkumbuke yule mgonjwa aliyezidiwa.

Na nikiwa bado na hasira: vijana, dopamini si homoni ya furaha. Naona mnashauriana kufunga dopamini kwa kuzima simu wikiendi. Zimeni simu, ni jambo zuri, ila dopamini hamjaifunga. Bila dopamini ya substansia nigra usingeweza hata kunyoosha kidole kuizima. Seli hizi hutuma nyuzi zake mbele, kwenye kundi la viini vilivyo ndani ya ubongo mkubwa linaloitwa straiatamu, na huko ndiko mwili unakoamua mjongeo upi uanze sasa na upi usubiri. Jirani yao wa katikati, A10, ndiye anayehusika zaidi na hamu na thawabu, naye ana rangi hafifu na hufa kidogo kuliko wao.

Ni seli chache sana. Ubongo wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86. Doa la buluu lina seli elfu 50 au pungufu kwa pande zote mbili, na bado nyuzi zake zinafika karibu kila pembe ya ubongo mkubwa, ubongo mdogo hadi uti wa mgongo, zikiamsha na kutega usikivu. Substansia nigra ina laki kadhaa. Seli mojamoja za substansia nigra ya panya zilifuatiliwa nyuzi zake kwa matawi yote mwaka 2009, na uzi mrefu kuliko yote ulifika sentimita 78, ndani ya kichwa cha panya. Kwa binadamu makadirio yanataja zaidi ya mita 4 kwa seli moja, na maungio zaidi ya milioni moja. Juu ya hapo, seli hizi hujipiga zenyewe kwa mdundo usiokoma, zikifungua milango ya kalsiamu kila mara, na kila inapofunguliwa kalsiamu lazima isukumwe nje tena kwa nguvu. Hapo ndipo tunapoanza kuelewa kwa nini zinachoka. Dawa ya presha inayofunga milango hiyo, isradipini, nayo ilijaribiwa, na matokeo ya mwaka 2020 hayakuonyesha kwamba inapunguza kasi ya ugonjwa. Tunajua mzigo ulipo na bado hatujui namna ya kuutua.

Kwamba substansia nigra ina uhusiano na kutetemeka kulianza kujulikana kupitia ugonjwa ambao Dar es Salaam tunaufahamu vizuri, kifua kikuu. Mwaka 1893 jijini Paris, Paul Blocq na Georges Marinescu walieleza habari za mgonjwa aliyekuwa anatetemeka na kukakamaa upande wa kushoto tu. Alipofariki walikuta uvimbe wa kifua kikuu kwenye ubongo wa kati upande wa kulia, umeila substansia nigra. Upande mmoja umeharibika, upande wa pili wa mwili umeugua. Édouard Brissaud akasema huenda ndipo penye Parkinson yenyewe. Wenzake wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, Mrusi aliyekuwa akisoma Paris, akaandika tasnifu akionyesha kwamba wagonjwa wa Parkinson wamepoteza seli nyeusi, na zile zilizobaki baadhi zina vidonge vya mviringo ndani yake. Vidonge hivyo Friedrich Lewy alikuwa ameshavieleza mwaka 1912 sehemu nyingine ya ubongo, na Tretiakoff akavipa jina la Lewy. Mwaka 1997 ikajulikana kwamba vimejengwa kwa protini iitwayo alfa-sainukleini.

Ukikata ubongo wa kati wa aliyefariki na Parkinson, unaona mara moja. Mchirizi umepauka. Kwa waliougua miaka mingi huwa umebaki ukungu wa kahawia tu. Lakini usikimbilie kusema umepauka wote sawa, kwa sababu utamu wa anatomia uko kwenye hilo. Upande wa chini na pembeni wa substansia nigra ndio unaofutika kwanza na kwa ukali zaidi. Upande wa juu unachelewa. Kwenye uzee wa kawaida, usio na ugonjwa, mpangilio unageuka: kidogo kinachopotea kinapotea zaidi upande wa juu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1991 ulionyesha hivyo waziwazi, na kwangu mimi ndilo jibu kwa kila anayesema baba yangu hana ugonjwa, ni uzee tu. Uzee na Parkinson haviharibu mahali pamoja. Mzee wa miaka 90 asiye na Parkinson ana mchirizi uliokolea.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1988, watafiti wa Ufaransa na Marekani walikuwa wamehesabu seli za dopamini zenye rangi na zisizo na rangi kwa wagonjwa. Zenye rangi ndizo zilizokuwa zimepungua zaidi. Je, rangi ndiyo muuaji? Mwaka 2019 watafiti wa Barcelona waliwawekea panya kimeng'enya cha binadamu wakaota neuromelanini wasiyozaliwa nayo, na ilipozidi kiwango fulani wakaanza kuugua mithili ya Parkinson. Hilo linasema wingi wake unaweza kudhuru. Halisemi kwamba kila mwenye rangi ataugua, kwani sote tunayo na wengi wetu tutakufa kwa mambo mengine. Na doa la buluu, ambalo nalo limejaa rangi, linapoteza seli kwenye Parkinson na kwenye Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, pia, kwa protini tofauti. Mimi naiona rangi kama daftari la kazi na mzigo wa seli. Anayebeba mengi huonekana kwenye daftari, lakini daftari peke yake halijaua mtu.

Sasa ule mlolongo. Mwaka 2003 Heiko Braak na wenzake wa Ujerumani walipendekeza kwamba vidonge vya Lewy havianzii substansia nigra. Vinaanzia chini, kwenye kiini cha vagasi ndani ya medula, na pia kwenye sehemu ya ubongo inayonusa. Kisha vinapanda hadi doa la buluu na jirani zake kwenye ponsi, halafu ndipo vinafika ubongo wa kati. Si kila ubongo unafuata mpangilio huo, na wapo wanaoupinga kwa hoja nzito. Ila ninyi mnaouguza mtauelewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Miaka kadhaa kabla ya mkono kutetemeka, baba alianza kufunga choo. Mama akawa hasikii harufu, pilau inaungua jikoni na yeye kakaa hapohapo. Halafu mume akaanza kupigana usingizini, anapiga teke, anapaza sauti, mke anahamia chumba cha watoto, na majirani wanasema ni majini. Mtu anayeota huwa mwili wake umelegezwa na seli za ponsi, karibu kabisa na doa la buluu. Zikiharibika, ndoto inaingia kwenye mikono na miguu. Si kila mwenye choo kigumu ana Parkinson, jamani, nusu ya ukumbi huu mtakosa usingizi leo. Nasema mambo haya yakikutana kwa mtu mmoja, yaandikwe na daktari aambiwe.

Kutetemeka kwenyewe huanza upande mmoja, mkono ukiwa umetulia mapajani, kidole gumba kikisuguana na cha shahada. Ukishika kikombe kunaweza kutulia. Lakini wapo wagonjwa ambao hawatetemeki kabisa, na hao ndio tunaowapoteza. Tazameni kandambili. Mguu mmoja unaburuzwa, kwa hiyo ndara moja inaisha kisigino kabla ya mwenzake. Tazameni mkono usiopunga mtu anapotembea. Na tazameni sahihi. Mzee mstaafu anakwenda benki kuchukua pensheni, anaandika jina lake, herufi ya kwanza ni ya kawaida, ya pili ndogo, ya mwisho haisomeki. Karani anamrudishia fomu: sahihi hailingani. Anaandika tena, inakuwa ndogo zaidi. Anaambiwa alete barua ya serikali za mtaa. Hakuna mtu pale kaunta anayejua kwamba amepewa kipimo cha substansia nigra bure.

Muhammad Ali alitua Dar es Salaam Februari 1980, ametumwa na Rais Carter atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Ndondi alikuwa bado hajaziacha kabisa. Mwaka 1984 madaktari wakatangaza kwamba ana dalili za Parkinson, na mwaka 1996 dunia nzima ikauona mkono wake ukitetemeka alipowasha mwenge wa Atlanta. Watu wakaona mkono. Seli zilizokuwa zimepotea zilikuwa kwenye eneo lisilofikia upana wa ukucha wako.

Dalili za mjongeo hujitokeza wakati sehemu kubwa ya seli za upande ule wa chini imeshakwenda, na ndiyo maana kumwona mgonjwa mapema kuna thamani. Kuna picha za MRI zinazoonyesha neuromelanini moja kwa moja, zilizoanza kuripotiwa na Wajapani mwaka 2006 kwa mashine zenye sumaku ya nguvu ya tesla 3. Kinachochekesha ni kwamba kwenye picha hizo weusi huonekana mweupe, kwa sababu ya chuma kilichoshikwa. Lakini msiondoke hapa mkidhani lazima mgonjwa afanyiwe picha. Daktari anaitambua Parkinson kwa kumtazama, kumkunja mkono na kumwambia atembee. Kinachohitajika ni mtu wa kumfikisha kwa daktari huyo. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafikia watu 161,071 na kuwakuta wagonjwa 33. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa gani. Walikuwa wanaishi na jina la uzee au la kurogwa.

Nimalizie dawa kwa ufupi, maana hapo si shamba langu. Mwaka 1960 kule Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima straiatamu za wagonjwa waliofariki wakakuta dopamini karibu imeisha. Dopamini ukiimeza haivuki kuingia kwenye ubongo. Levodopa inavuka, na seli zilizobaki zinaigeuza. Ndiyo iliyomo kwenye vidonge mnavyopewa, pamoja na karbidopa inayoizuia isigeuzwe njiani kabla ya kufika. Hairudishi seli zilizokufa, lakini inamrudishia mtu hatua zake, kwa wengi kwa miaka kadhaa mizuri. Vidonge vitangulie chakula, nusu saa hivi, kwa sababu protini ya nyama na maharage inagombea na levodopa mlango wa kuingilia. Visikatishwe ghafla hata mara moja. Na akilazwa kwa tatizo lingine, mwambieni muuguzi kwamba ana Parkinson: dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi na dawa ya magonjwa ya akili iitwayo haloperidoli huziba milango ya dopamini, mgonjwa anakakamaa usiku mmoja.

Najua lipo swali la upupu, kwa sababu nimeshaandikiwa vikaratasi viwili. Ni kweli. Mbegu za upupu, huohuo unaowasha, zina levodopa halisi, na jambo hilo limejulikana tangu mwaka 1937. Zimejaribiwa na zinafanya kazi. Shida ni kwamba mbegu ya shamba hili na ya shamba lile hazina kiasi sawa, hazina karbidopa ndani yake, na mtu anayekunywa unga huo pamoja na vidonge vya hospitali anajizidishia bila kujua, anaanza kutapika au kuona vitu visivyokuwepo. Kama mzee amekuwa akipewa, msifiche. Mpelekeeni daktari na kopo lenyewe. Pengine atawagombeza kwanza, halafu atauliza ni vijiko vingapi, na saa ngapi.